Kazi za mikono kwa watoto wadogo: uwanja, mnazi na unga wa muhogo vinatosha

Mvua za huku Mtwara zikishaanza, mwisho wa Novemba hivi, hazina haraka ya kuondoka mpaka Aprili au Mei. Ndani kuna watoto watatu, jirani kaniachia wake wawili maana anawahi shamba, na umeme umekatika tangu usiku. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuwapa watoto kazi za mikono. Sikuanza kwa kupenda sanaa. Nilikuwa natafuta namna ya kuivisha kisamvu bila mtu kulia.

Haya nitakayoeleza yanawafaa watoto wa miaka 2 hadi 8. Vifaa vingi vinatoka uani na jikoni. Vilivyobaki utavipata kwa fundi cherehani, na kwa mwenye duka ukimwomba maboksi kabla hajayachoma moto.

Jambo moja nililolijua kwa kuaibishwa: usimmalizie mtoto kazi yake. Siku moja mwanangu wa kati, akiwa na miaka 4, alifinyanga samaki. Mkia umekaa tumboni, macho yote upande mmoja. Nikamchukua yule samaki, nikamnyoosha vizuri, nikamrudishia. Akamtazama, akanitazama, akasema, "Huyu sasa wa kwako, mama." Akanawa mikono akatoka nje. Tangu siku ile kazi yangu ni kuandaa, kukata vinavyohitaji kisu, na kukaa pembeni nikichambua mchele.

Kabla hamjaanza

Tandika gunia au mkeka uliochakaa barazani, si ndani. Wavalishe nguo za kuchezea. Weka ndoo ya maji na kitambaa hapohapo mkononi, la sivyo utaona alama za vidole ukutani mpaka chumbani. Mtoto wa miaka 2 au 3 hukaa na kazi moja robo saa, akijitahidi sana dakika 20. Akisimama mwache aende. Wa miaka 6 na kuendelea unaweza kumsahau saa nzima.

Kama kuna mtoto chini ya miaka 3, ondoa choroko, kunde, shanga na vifungo vya nguo. Najua kila mtu anapenda picha za kubandika nafaka. Mimi pia nilipenda, mpaka mwanangu wa mwisho alipoisukuma choroko puani. Usijaribu kuichokoa kwa kijiti wala kidole. Inaingia ndani zaidi, na choroko ikilowa inavimba. Sisi tulikwenda kituo cha afya tukakaa foleni hadi adhuhuri, na ilitolewa kwa sekunde chache tu. Nafaka sasa ni za wakubwa, mezani, wadogo wakiwa wamelala.

Na kwa kuwa tuko ukanda wa korosho: usimpe mtoto korosho yenye ganda achezee au abandike kwenye picha, hata ikiwa na umbo zuri namna gani. Ganda lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Mliowahi kubangua kwa mkono bila kujipaka majivu au mafuta mnajua vidole vinavyokuwa. Mifuko ya saruji nayo, ambayo huku haikosekani kwenye kila nyumba inayojengwa, ina karatasi ngumu inayotamanisha, lakini vumbi lake linawasha macho na kukausha ngozi. Iacheni.

Gundi ya unga wa muhogo

Hii ndiyo inabeba karibu kila kitu. Gundi ya dukani ni nzuri ila chupa moja watoto watano wanaimaliza kabla chai haijapoa.

1. Chota vijiko 2 vya chakula vya unga wa muhogo uliochekechwa, uweke kwenye kisufuria.
2. Mimina maji baridi kidogo, koroga mpaka usione dongedonge. Ukianza na maji ya moto umeharibu. Utapata kitu kama bada, ule ugali wa muhogo, iliyokataa.
3. Ongeza maji mpaka jumla yawe kikombe kimoja cha robo lita.
4. Weka kwenye moto mdogo, koroga bila kuacha. Itaanza nyeupe, halafu itavuta na kuwa kama kioo chenye ukungu. Dakika 3 hadi 5 zinatosha.
5. Ipua, tia chumvi kidogo, iache ipoe kabisa kabla mtoto hajaigusa.

Ikifunikwa vizuri inakaa siku 2, wakati wa ubaridi siku 3. Ikianza kunuka uchachu, imwage. Chumvi inasaidia isiharibike haraka, na pia inamfanya mtoto anayelamba aache kulamba. Unga wa ngano unafanya kazi hiyohiyo, lakini kwa bei ya ngano, heri chapati.

Rangi za jikoni

Hapa ndipo watoto wangu wanapopapenda kuliko pote, kwa sababu rangi inageuka mbele ya macho yao.

Njano unaipata kwenye bizari ya manjano. Kijiko kimoja cha chai cha bizari, vijiko viwili vya gundi ya muhogo, maji matone machache, koroga. Gundi inaifanya rangi ishike karatasi, isichuruzike. Sasa gawa ile njano sehemu mbili, na kwenye sehemu moja tia magadi kiasi cha kuchukuliwa na ncha ya kijiko. Waambie watoto waangalie. Njano inakuwa nyekundu ya matofali papo hapo. Mara ya kwanza watoto wote walinyamaza, halafu mmoja akauliza kama nimetia damu. Magadi atie mtu mzima, maana yakiingia jichoni yanauma.

Choya inatoa nyekundu ya zambarau. Chemsha gao moja ya choya kavu kwenye kikombe kimoja cha maji mpaka maji yabaki nusu, chuja, changanya na gundi. Huku nako kuna mazingaombwe: kamulia ndimu upande mmoja, rangi inang'aa nyekundu, upande mwingine tia magadi, inageuka kuelekea bluu na kijani kibichi chenye giza. Mtoto wa miaka 7 unaweza kumwachia ndimu na vibakuli vitatu akajionea mwenyewe ni kiasi gani kinabadilisha nini.

Nyeusi ni mkaa uliotwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa cha zamani. Hudhurungi ni ule udongo mwekundu wa juu kwenye uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba. Ukipata mgeni kutoka huko, muulize alivua viatu wapi. Kijani cha majani ya mchicha nimekijaribu. Kinapendeza siku ya kwanza, siku ya nne kimekuwa rangi ya matope, kwa hiyo sijisumbui nacho tena. Bizari nayo inafifia juani, basi picha zake zitundike kivulini.

Brashi: kata kijiti cha mswaki wa mti, uponde ncha yake mpaka ifumuke. Unyoya wa kuku unachora mistari myembamba. Kipande cha kumbi la nazi kilichopondwa kinapaka sehemu kubwa. Wadogo kabisa wape vidole vyao.

Watoto wakishazoea, waonyeshe vitone. Chovya kitako cha penseli kwenye rangi, gonga kwenye karatasi, rudia. Twiga, ndege na samaki wanaojazwa vitone na mistari ndio waliompa jina Edward Said Tingatinga, mtu wa Tunduru, huko tunakopakana na Ruvuma. Alianza kuchora kwa rangi za baiskeli kwenye mbao za hadibodi, akafariki 1972, na mpaka leo watu wanaiga. Wanangu wanalipenda jina lake kuliko picha zake. Wakichora wanaimba tingatinga, tingatinga, mpaka kichwa kinaniuma.

Mihuri ya bamia

Kazi rahisi kuliko zote, na ndiyo ya kuanzia na mtoto wa miaka 2.

Chukua bamia iliyokomaa, ile ambayo imeshakuwa ngumu na hungeipika. Ikate katikati kwa upana, siyo kwa urefu. Ndani utaona ua lenye pembe 5 au zaidi. Weka kipande cha sponji ya godoro kwenye kisosi, kimwagie rangi, kisha mtoto anagonga bamia kwenye sponji, halafu kwenye karatasi. Kipande chenye kikonyo anakishika vizuri zaidi. Kitunguu kilichokatwa nusu kinatoa miduara ndani ya miduara. Bua la jani la mgomba likikatwa linatoa kitu kama sega la nyuki.

Mihuri hii inapendeza pia kwenye shuka la zamani au kitambaa cheupe, ila rangi zetu hizi za jikoni hazivumilii kufuliwa.

Kuna rangi moja inayovumilia, nayo ni adui. Msimu wa korosho nilidhani nimegundua jambo: bibo, lile tunda la mkorosho, likikatwa linakuwa muhuri wenye rangi yake ndani. Karatasi haikutoka na kitu cha maana, maji matupu. Shati la shule la mtoto wa jirani ndilo lililotoka na madoa, na doa la bibo ulijuavyo, halisikii sabuni wala ndimu. Nilinunua shati. Mabibo ni ya kula.

Udongo, na yule mjusi wa Tendaguru

Udongo bora wa kufinyanga kwa watoto ni wa kichuguu. Umekwishachambuliwa na wadudu wenyewe, hauna mawe. Chagua kichuguu kilichohamwa, na achimbe mtu mzima, maana nyoka nao hupenda kuhamia humo. Utwange, uchekeche, uloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yaliyoelea juu, acha udongo ukauke kidogo, kisha ukande kama unga wa chapati. Jaribu hivi: viringisha kipande chembamba kama kidole cha mwisho, kizungushe kwenye kidole chako. Kikipasuka, ongeza maji ukande tena. Kikinata mikononi, kiache kivutwe na hewa.

Kina mama wa Kimakonde walifinyanga vyungu miaka mingi kabla ya sufuria kufika, na bibi yangu alikuwa akitukemea tukianika vitu juani. Udongo ukaushwe kivulini siku 3 au 4. Jua la Mtwara linaukausha nje huku ndani ukiwa mbichi, na kesho yake unakuta vipande. Watoto hawapendi kusubiri. Waambie walale.

Mtoto wa miaka 3 atatoa nyoka, chapati na mayai. Ndivyo inavyotakiwa. Kuanzia miaka 5 wape mradi, na mradi wetu mkubwa ni mifupa.

Waulize kwanza kama wanajua kuwa mnyama mkubwa kupindukia alilala ardhini hapa jirani, Tendaguru, mkoa wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913, enzi za Wajerumani, mamia ya watu wa huku walichimba mifupa ya dinosaria kwenye kilima kile, wakaibeba kwa miguu siku kadhaa mpaka bandarini Lindi, ikapakiwa melini. Mifupa ya dinosaria mmoja imesimamishwa jumba la makumbusho la Berlin, urefu wake umepita mita 13. Ili waelewe mita 13 ni nini, mtafute mnazi mrefu kidogo mkasimame chini yake watazame juu. Wangu wa miaka 6 aliuliza aliyebeba kichwa alilipwa kiasi gani. Swali zuri kwa mtu yeyote.

Halafu fanyeni hivi. Kila mtoto afinyange mifupa ya mnyama wake: fuvu moja, uti wa mgongo wa vipande 10 hivi kama shanga kubwa, miguu minne, mkia. Ukubwa wa kidole cha mtu mzima unatosha, midogo zaidi inavunjika. Kila pingili ya uti itobolewe kwa chelewa ingali mbichi. Ikishakauka zile siku zake, ifukieni kwenye mchanga mkavu ndani ya beseni au kona ya uwanja. Kesho yake wape vijiko vya mbao na brashi za kumbi wachimbue. Sheria ni moja: hakuna kuvuta. Anayeona ncha ya mfupa aufagilie mchanga pembeni mpaka mfupa wote uonekane. Ni ajabu jinsi watoto wanaovunja kila kitu ndani ya nyumba wanavyoweza kufagia mfupa mmoja dakika 20 wakiwa wameshika pumzi.

Mwisho wanapanga mifupa juu ya boksi lililokatwa, pingili zikitungwa kwenye chelewa, miguu ikibandikwa kwa gundi yetu iliyokolezwa, nusu maji. Mnyama akitoka na miguu mitano, ana miguu mitano. Msimchome motoni, bila ujuzi atapasuka. Mkumbuke tu kuwa udongo ambao haukuchomwa ukinyeshewa unarudi kuwa tope. Tulimpoteza mmoja barazani kwa mvua ya usiku wa kwanza wa Desemba, na msiba ulikuwa mkubwa.

Kititia cha ukuti

Hiki kichezeo cha kuzunguka kwa upepo ni cha Juni mpaka Agosti, kusi linapovuma na kuna upepo wa kutosha. Kabla hamjafika huko, ukuti unaanguka mwaka mzima, kwa hiyo mazoezi yanaruhusiwa.

Chukua majani manne ya ukuti mbichi, chana uondoe chelewa ya katikati, ubaki na chane nne zenye upana wa vidole viwili na urefu wa shubiri mbili. Zile chelewa usizitupe. Kunja kila chane katikati, uwe na vikunjo vinne. Sasa vibanane kwa mzunguko: ncha za kwanza zipite ndani ya kikunjo cha pili, ncha za pili ndani ya cha tatu, za tatu ndani ya cha nne, za nne zirudi kuingia cha kwanza. Vuta taratibu pande zote nne kwa zamu. Katikati patabana kama fundo la mraba, na mabawa manne yatatoka kila moja upande wake.

Kata mabawa yalingane, urefu wa kidole cha kati. Yapindue kidogo yote kuelekea upande mmoja, ndipo upepo uyashike. Toboa katikati kwa mwiba, pitisha chelewa, kisha uizuie mbele kwa kipande cha kumbi au fundo la uzi. Tundu liwe pana kuliko chelewa, la sivyo hakizunguki, na hapa ndipo vititia vingi vinapofia.

Mtoto wa miaka 4 hawezi kubananisha, lakini anaweza kukunja na kukabidhi. Wa miaka 7 anakosea mara tatu, ya nne anakuwa fundi. Kazi ya mdogo ni kukimbia nacho, nayo hakuna anayemshinda.

Chane zilizosalia zinasukwa tatu tatu kama nywele, mnapata bangili. Bibi akiwapo, mwombe awaonyeshe kuanza ukili, ule mkanda wa kushonea mkeka. Watoto wa miaka 8 wanaweza kusuka ukili mwembamba wa chane nne, uliopinda kama njia ya ng'ombe. Usiunyooshe.

Vidogovidogo vya siku ambayo umechoka

Shilingi chini ya karatasi. Weka sarafu ya shilingi 500 chini ya karatasi nyembamba, msugue juu kwa ubavu wa penseli, nyati anajitokeza. Ya 200 ina simba, ya 100 swala, ya 50 kifaru. Mmepata mbuga nzima bila nauli. Wakiuliza pesa zilianza lini, unaweza kuwaambia kwamba masultani wa Kilwa walifua sarafu zao za shaba palepale Kilwa, na chache kati yake ziliokotwa 1944 kwenye kisiwa huko Australia. Sarafu zihesabiwe kabla na baada.

Mabaki ya fundi cherehani: kitenge, kanga, satini. Wadogo wanabandika kwenye boksi. Wakubwa wanatengeneza mwanasesere bila sindano: gunzi la mhindi ndiyo mwili, kitambaa kinafungwa kiunoni kwa uzi, kingine kichwani kama mtandio. Nywele za mahindi zibaki palepale.

Makome ya pwani: maji yakipwa, hasa siku za bamvua, tembeeni ufukweni mkiokota yaliyo matupu tu. Lenye mnyama ndani linarudi majini. Yale marefu yenye umbo la pia, yenye madoadoa mazuri, mtoto asiyaguse kabisa kabla hujahakikisha ni tupu, kwa sababu aliyemo ana mwiba wenye sumu. Osheni, kausheni, yapangeni kwenye udongo mbichi mpate ubao wa kutundika.

Kuhifadhi

Tundika kamba barazani, banika picha kwa vibanio vya nguo, na kila mtoto awe na vibanio vyake vinne. Akitaka kutundika ya tano, anachagua mwenyewe ipi ishuke. Vya udongo viwekwe juu ya kabati. Vyote vilivyobandikwa kwa gundi ya muhogo viwe mbali na jiko na mbali na sakafu. Wakati wa mvua vinaota ukungu, na mende wanaipenda gundi ile kuliko watoto wanavyoipenda. Tulimtundika twiga mmoja usiku akiwa mzima, asubuhi tukamkuta hana shingo.